Kupasuliwa Mguu Mara ya Pili, na Baba Mkwe Nje ya Pazia

"Umekojoa?" sista aliniuliza kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani.

Upande wa pili wa pazia, karibu kiasi cha kusikia hata nikipumua, alikuwa ameketi baba mkwe wangu.

Nilitamani ile dawa ya usingizi inirudie. "Bado," nikanong'ona.

"Ongea, mama, sikusikii."

"Bado!"

Nyuma ya pazia Baba akakohoa, kisha akaanza kumuuliza mlinzi kama mvua ya jana ilifika mpaka kwao. Mlinzi akasema ilifika. Baba akauliza tena swali lilelile.

Kwa asiyejua, kwetu Kabras mke wa mtu na baba mkwe wake hawazoeani. Hatupeani mikono. Hatukai kwenye kiti kimoja. Yeye akija kwa mwanawe huishia barazani, akikaribishwa sana huingia sebuleni, basi. Nami miguu yangu haionekani mbele yake, sembuse mguu mmoja uliofungwa bendeji kutoka vidoleni hadi pajani. Nimeolewa hapa karibu na Butali tangu nikiwa msichana, sasa nina binti wa sekondari, na maneno yote niliyowahi kuongea na mzee huyu yangetosha kipindi kifupi cha redio, tena chenye matangazo mengi. Hatukuwa na ugomvi wowote. Hiyo ndiyo heshima, na mimi niliikuta hivyo nikaifuata.

Naandika haya kwa sababu ya wanawake wanaokuja saluni kwangu mjini Kakamega, wakikaa kwenye kiti wananiambia, "Hebu tuone mguu." Nasuka nywele. Ni kazi ya kusimama kutoka asubuhi mpaka miguu ikulilie. Wengi wao wanasimama pia, wengine sokoni, wengine darasani, wengine jikoni hotelini, na wakipandisha sketi kidogo naona kamba zilezile za bluu nilizokuwa nazo, mishipa ya damu iliyovimba. Siwezi kumsimulia kila mmoja huku nashika rasta. Kwa hiyo nimeandika, asome anayetaka.

Mara ya kwanza nilipasuliwa binti yangu akiwa bado mdogo. Wakati ule nililazwa wodini, mume wangu akaniletea uji kila asubuhi, na shemeji zangu wakaja kuniona wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mguu ukapona, nikarudi kwa kazi, nikavaa sketi fupi kidogo kuliko zamani. Miaka ikapita. Halafu msimu mmoja wa palizi nikiwa naoga nikapitisha sabuni nyuma ya goti nikahisi kifundo. Nikajidanganya kuwa ni msuli. Kufikia mavuno ya mahindi kile kifundo kilikuwa kimeteremka mpaka kwenye shavu la mguu, kimejikunja kunja, na jioni mguu unakuwa mzito hadi nauinua kwa mikono kuuweka kitandani.

Nililia kwa hasira, kusema kweli. Ugonjwa wa kwanza unauvumilia kwa kuwa una mwisho. Huu ulikuwa umerudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Watu nao hawakukosa la kusema. Mteja mmoja aliniambia mguu unaorudi namna hiyo umetupiwa kitu. Mwingine akaniletea majani ya kukanda. Niliyakanda. Mguu ukanukia vizuri tu.

Kilichonipeleka hospitali ni damu. Asubuhi moja nikiwa bafuni nilijikuna kidogo juu ya kifundo cha mguu, na mshipa ukapasuka. Haukuuma hata kidogo, na hilo ndilo liliniogopesha. Niliona tu maji ya beseni yakibadilika rangi. Nikakaa sakafuni nikabonyeza kwa taulo, nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Tangu siku hiyo sikuoga tena mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa nakagua shuka kila nikiamka. Nilikuwa naota damu.

Mume wangu, Shikuku, anaendesha lori la masafa marefu, siku nyingi yuko njia ya Juba. Alinisikiliza kwenye simu akasema, "Enda wakufanyie tena. Usiningoje."

Kwenye benchi za kungojea nilikuwa msumbufu. Mimi si mtu wa kukaa. Nilibadilisha viti, nikasoma mabango yote ya ukutani, nikamsuka mtoto wa mama mmoja ambaye nywele zake zilikuwa zimefumuka, daktari aliponiita nikasema angoje nimalize mstari. Alinisimamisha kwenye kijibao akanichora mguu mzima kwa kalamu nyeusi. Akasema kovu la zamani litampa kazi zaidi, lakini ataweza. Halafu akasema jambo ambalo sikuliamini, kwamba nitaingia asubuhi na jioni nitakuwa kwangu.

"Jioni ya siku gani?" nikauliza.

"Ileile."

Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Wodini kuna kengele na kuna sista, lakini nyumbani kwangu kuna kuku na jiko. Sharti lilikuwa moja: awepo mtu mzima wa kunipeleka nyumbani na kukaa nami mpaka kesho yake. Dada yangu Everlyne, aliyeolewa Chekalini, akasema hilo ni lake.

Kweli asubuhi tulikuwa pamoja. Alinishikia mkoba, akaniombea, akanicheka nilipovaa ile gauni ya hospitali iliyo wazi mgongoni. Nikaingizwa. Nakumbuka taa, nakumbuka daktari akiniambia nihesabu, sikumbuki kuhesabu. Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu na mguu haukuwa wangu, ulikuwa gogo jeupe. Nikamwita Everlyne. Sista akaniambia dada alipigiwa simu kutoka shuleni, mtoto wake ameanguka amevunjika mkono, akakimbia. Lakini nisiwe na wasiwasi, amepigia watu wa nyumbani kwangu na mtu ameshafika.

Nilidhani ni mama mkwe. Kumbe Mama alikuwa ameenda matangani Ekero na akina mama wa kanisa tangu asubuhi, simu ameizima. Aliyepokea habari ni Baba. Mzee aliyestaafu kiwandani, mwenye koti moja la kutokea, alivaa hilo koti akaja peke yake kumchukua mke wa mwanawe.

Ndivyo tulivyofika kwenye lile swali la kukojoa. Hawakuruhusu kuondoka kabla ya kula, kutembea na kukojoa. Nilikula mkate na chai. Nikatembea kwenye korido nimemshika sista, nikamwona Baba akigeuza kiti chake kikaelekea ukutani ili nipite. Na lile la tatu nikalifanya hatimaye, sista akatangaza kwa furaha, wote tuliokuwa pale tukapata habari.

Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, sikiliza. Damu ikitoka, unamlaza chini, unainua mguu juu, unabonyeza mahali inatoka kwa nguvu. Huachilii. Unanipigia. Umeshika?"

"Nimeshika," Baba akauambia ukuta.

"Nionyeshe."

Baba akatafuta pa kuonyeshea, akabonyeza mkono wa kiti. Sista akamwambia aongeze nguvu. Akaongeza, mishipa ya shingo ikamtoka.

Tulikodi teksi. Mimi nikawekwa kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya kiti na kufunikwa leso. Baba akakaa mbele. Kabla gari halijatoka aliinua mkono akageuza kile kioo cha ndani kikaangalia dari.

"Mzee, sasa nitaonaje nyuma?" dereva akauliza.

"Nyuma hakuna kitu," Baba akasema.

Tulienda hivyo mpaka Butali, tukiwa nyuma ya trekta za miwa sehemu kubwa ya njia, dereva akichungulia vioo vya pembeni na kuguna. Nilikuwa nacheka kimya kimya, na kila nikicheka kinena, ambako pia walipasua, kinauma. Nawaambia mapema wale watakaofanyiwa kama mimi: kucheka kunauma, kupiga chafya kunauma zaidi.

Nyumbani Baba alifungua mlango kwa ufunguo wangu, akasimama kando nikaingia na fimbo, kisha akachukua kigoda akakaa barazani, mgongo kwangu. "Niko hapa," akasema. "Mama yako akifika nitaenda."

Nikalala kwenye kochi, mguu juu ya mito. Nikatazama dari. Nikainuka nikatembea mpaka kabatini, nikarudi, kama nilivyoagizwa. Nikalala tena. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa msitu na upepo ukaanza kupiga mabati. Na mimi akili yangu haikuwa kwenye mguu hata kidogo. Ilikuwa barazani. Baba wa mume wangu ameketi kwangu tangu mchana na hajapata hata kikombe cha chai! Yeye hawezi kuomba. Hawezi kuingia jikoni kwangu kujipikia. Akirudi kwake na njaa, nani atanisamehe? Hata mimi nisingejisamehe. Daktari angeweza kusema alivyotaka, lakini daktari hajaolewa Kabras.

Sista alikuwa amesema waziwazi: tembea au lala, lakini usisimame mahali pamoja. Nikasema chai tu. Nikapika chai, nikaiweka mlangoni, Baba akainywa. Nikasikia jinsi alivyoivuta ile chai nikajua ana njaa. Basi, obusuma kidogo, na mboga za jana zipo. Nikaweka sufuria ya maji juu ya jiko.

Anayejua ugali wetu anajua hausongwi ukiwa umekaa. Unasimama, unakaza miguu, unaweka nguvu. Mvua ikaanza. Unga ukashika, nikageuza, nikageuza tena, na nikahisi joto kwenye kisigino. Nikafikiri nimemwagikiwa na maji. Nikatazama chini. Patipati yangu ya kijani ilikuwa nyekundu.

Sijui nilifikaje kwenye sakafu ya sebule. Najua nilipiga kelele, "Baba!"

"Naam?" Sauti ilikuwa ng'ambo ya mlango.

"Damu, Baba!"

Nikasikia kigoda kikisukumwa. "Nimefika mlangoni," akasema.

"Ingia!"

Akaingia akiwa ameangalia picha ya harusi yetu ukutani. Akavua koti lake la kutokea, akalitupa juu yangu likafunika ule mguu mwingine na mapaja. Akanisukumia mito chini ya kisigino bila kutazama. Simu akaiweka juu ya stuli, sauti imefunguliwa, na sista akaitika.

"Amelala? Mguu uko juu? Sawa. Bonyeza, Mzee."

Baba akabonyeza goti.

"Inatoka wapi?" sista akauliza.

"Sijui. Siangalii."

"Huangalii? Utabonyeza wapi na huangalii? Mzee, angalia!"

Ndipo akageuza kichwa akautazama mguu wangu. Niliona uso wake ukibadilika. Akaweka leso iliyokunjwa juu ya shavu la mguu, pale bendeji ilipolowa, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akabonyeza kwa uzito wa mwili wote. Iliuma nikapiga yowe.

"Pole, mama. Pole. Nisamehe," akawa anasema, na hakuachilia.

Nililia. Sikulia kwa maumivu. Niliogopa kufa. Niliogopa binti yangu ataitwa ofisini kwa mwalimu mkuu aambiwe, na Shikuku yuko Juba, na mimi nimekufa kwa sababu ya ugali. Nikamwambia Baba hivyo hivyo, yote, mimi ambaye sijawahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi.

"Hutakufa," akasema. "Mimi niko hapa. Siendi mahali." Baada ya muda akasema, "Mimi naogopanga damu sana. Hata kuku ya Krismasi nachinjiwanga na jirani. Usiambie mtu."

"Siambii," nikasema. Samahani, Baba, nimeambia.

Sista alikuwa bado kwenye simu. Baba akamuuliza mpaka lini. Sista akamwambia mpaka yeye mwenyewe aseme basi, na asichungulie. Tukabaki hivyo. Nje maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye mabati, ndani harufu ya unga unaoungua. Baba alinisimulia jinsi nilivyokuja pale mara ya kwanza, nimevaa viatu vilivyonibana, akamwambia Mama, huyu msichana viatu vinamuumiza, mpe patipati. Ni kweli Mama alinipa patipati siku ile. Sikujua zilitoka kwa nani.

Mlango ukafunguka, Mama akaingia amelowa, na leso ya matanga kichwani. Akamwona mumewe amepiga magoti, mikono juu ya mguu wa mkaza mwana wake.

"Hee!" akasema. "Baba Shikuku!"

"Usinisemeshe, nisije nikaachilia."

Mama akatazama sakafu, akaona damu, akanitazama mimi. Kisha akapita jikoni akaepua sufuria.

Damu ilikuwa imekoma sista aliporuhusu mkono utolewe. Kesho yake asubuhi nilirudi mjini na Mama, daktari akakuta kitundu kimoja kidogo kimefunguka, akakishona, akafunga bendeji upya, akanigombeza. Nilistahili. Wewe unayesoma, mgeni wa siku hiyo apewe ndizi.

Kilichofuata hakikuwa cha mguu. Habari hutembea haraka kuliko mtu. Kufikia Jumapili kulikuwa na wanawake kanisani waliokuwa wakinipa pole na midomo imebana. Ndugu yake Baba akaja kusema kuna kitu lazima kitolewe ili heshima irudi mahali pake. Baba hakubishana. Akatoa ingokho, kuku mmoja jike, akapikwa, tukala kila mtu upande wake. Shikuku nilimweleza kwa simu.

"Baba alikushika mguu?" akauliza.

"Ulitaka ashike nini, ukuta?"

Kisha akasema, "Mwambie asante. Mimi nitashindwa kumwambia."

Na mimi pia nilishindwa. Baada ya yule kuku kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Baba akawa anapita mbali na mlango wangu, nami nikiona kofia yake ukutani mwa Mama nageuza njia. Sikutarajia kuwa jambo hilo lingeniuma. Liliniuma kuliko mshono. Nilikuwa nimempata mtu kwa mchana mmoja wa mvua, halafu nikampoteza kwa sahani ya kuku.

Mwili una kazi zake na haukungoja. Bendeji zilipotolewa mguu ulikuwa zambarau, wiki iliyofuata ukawa kijani, kisha njano ya papai. Kuna mahali juu ya kifundo cha mguu pamekufa ganzi mpaka leo, nikipapasa nahisi nimegusa mguu wa mtu mwingine. Ile soksi ya kubana niliyopewa hospitalini niliichukia. Ivae kabla hujashuka kitandani, ukiwa bado umelala, la sivyo mtapigana. Usiku inawasha. Siku za jua kali nilikuwa namwagia maji juu yake. Nilishindwa kukaa, nikashindwa kulala, nikagombana na Mama juu ya ufagio. Saluni walinipigia simu kila siku kuniuliza rangi iko wapi, nami nikafurahi kila walipopiga.

Dawa iliyobaki ilikuwa kutembea. Kila siku, daktari alisema, na uongeze kidogo kidogo. Nilianza mvua zilipopungua, jioni, kwenye barabara ya vumbi inayokatiza mashamba ya miwa. Niliogopa kwenda peke yangu. Nikipasuka huko katikati ya miwa, nani atanisikia? Siku ya kwanza nilifika kwenye jiwe la mpaka nikarudi.

Siku ya pili nilipotoka nikamwona Baba mbele, amesimama barabarani, amenipa mgongo. Nilipoanza kutembea naye akaanza. Hakugeuka. Nilipochoka nikasimama, naye akasimama, akajifanya anakagua miwa ya mtu. Niliporudi akangoja nimpe nafasi, akanifuata kwa mbali mpaka nikaingia kwangu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna aliyekuwa amepanga. Watu walituona, mzee mbele, mke wa mwanawe nyuma sana, na hawakupata la kusema maana hakuna sheria iliyovunjwa.

Tumetembea hivyo mpaka miwa ile ya pembeni ikavunwa. Nimerudi kwa kazi sasa, nina stuli ya kukalia nikisuka, na mguu ni mwepesi. Juzi jioni nilitoka nikiwa na haraka zangu za zamani, nguvu zimejaa, na kabla sijajua nikawa nimemfikia. Nikapunguza mwendo nyuma yake. Kumpita mzee si adabu, tena mzee yule. Lakini mguu haukutaka kungoja.

"Baba," nikasema, "naomba njia."

Akasogea kando kwenye majani. Nilidhani atageuka upande wa shamba, kama kawaida yake. Hakugeuka.

"Pita," akasema. "Pita nikuone vile unatembea."